Kanali Hakupinga

Wilda Ostrander alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo, thelathini na minne aliitumia kupiga chapa maneno ya watu wengine. Alizaliwa Ohio, katika mji mdogo wa kiwanda cha matairi, binti wa kinyozi, akaja Washington mwaka 1951 na sanduku moja na cheti cha hati mkato. Kasi yake ilikuwa maneno tisini na sita kwa dakika, na asikudanganye mtu kuwa hilo ni jambo dogo. Hakuolewa. Karani mmoja wa posta alimchumbia kwa miaka mitatu bila kutaja tarehe, mwishowe Wilda akachoka kungoja na kumrudishia pete yake kwa njia ya posta. Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Wamethodisti huko Arlington, na kila siku ya kazi, saa sita kamili mchana, alikula sandwichi ya maini mezani pake, akiwa amekwisha kuifunika mashine yake ili makombo yasiingie.

Oktoba ya mwaka 1985 alikuwa mtunza chumba cha nyaraka za siri katika ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na makabati ya chuma yenye kufuli za namba, meza ndefu ya kusomea, na tangazo aliloliandika mwenyewe: HAPA HATULI, HATUNYWI, HATUKUNJI PEMBE ZA KARATASI. Wanasheria waliosoma vyuo vikubwa kabisa vya nchi waliacha vikombe vyao vya kahawa mlangoni wakaingia kwa adabu. Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu.

Mwaka huo walifurika, na ugomvi uliowaleta ulikuwa mmoja. Mwaka 1972 Wamarekani na Warusi waliwekeana mkataba kwamba hakuna atakayejijengea ngao ya kuzuia makombora ya mwenzake, isipokuwa kidogo tu, ardhini, mahali palipotajwa. Ya angani ilikuwa marufuku: usiitengeneze wala usiijaribu. Sasa miaka kumi na mitatu imepita, wakubwa wanataka kujaribu mitambo ya leza huko juu, na wanasheria wao wameusoma mkataba upya na kugundua, ajabu ya Mungu, kwamba marufuku iligusa vitu vilivyojulikana mwaka ule tu, yaani roketi na rada. Vilivyobuniwa baadaye viko huru. Nusu ya mji wetu ilishangilia, nusu ikashika kichwa. Na kwa kuwa kila upande uliyavuta maneno ya mkataba kwake, ikabidi itazamwe Wamarekani na Warusi waliambiana nini hasa walipokuwa wakijadiliana. Hayo yote yalikuwa katika masanduku sabini ya karatasi, ndani ya makabati ya Wilda.

Hakuna aliyemuuliza maoni yake, lakini alikuwa nayo. Alikuwepo Vienna, huko Austria, mkataba ulipojadiliwa. Alikuwa mwandishi wa Lyman Haskell, mwanasheria wa ujumbe wa Marekani, na alijua walichokusudia kukizuia. Habari ya leza kuwa huru aliiona ujanja mtupu, na alimwambia hivyo mchungaji wake, ambaye hakuelewa kitu.

Siku ya Jumatano aliingia Roz Feeney, mwanasheria wa kamati ya Seneti, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyezoea kutembea kwa haraka hata pale palipokuwa na hatua nne tu za kutembea. Alikuwa ameshika karatasi juu kwa mikono miwili.

"Bi Wilda! Bi Wilda, nimeipata!"

"Punguza sauti. Hapa si uwanja wa mpira."

"Njoo nikukumbatie."

"Weka hiyo karatasi mezani kwanza, utaikunja. Ndiyo, hivyo. Sasa nikumbatie upesi, halafu uniambie umepata nini."

"Soma mwenyewe. Aya ya nne."

Wilda alivaa miwani. Ilikuwa kumbukumbu ya mazungumzo ya pembeni, Vienna, Ijumaa moja ya Januari 1972, kati ya Bwana Haskell na Kanali Zubarev wa upande wa Urusi. Aya ya nne ilisema: *Haskell alieleza kuwa kwa ufahamu wa upande wa Marekani, marufuku ya mitambo ya angani inahusu kifaa chochote, kilichopo sasa au kitakachobuniwa baadaye. Zubarev alisikiliza. Hakupinga.* Chini kabisa zilikuwapo herufi za aliyeiandika na za aliyeipiga chapa: LH:wo.

"Umeona?" alisema Roz. "Tulimwambia Mrusi waziwazi, Mrusi akanyamaza. Katika sheria, ukiambiwa mkataba unamaanisha hivi ukanyamaza, umekubali. Hakuna karatasi nyingine iliyonyooka kama hii katika masanduku yote sabini. Na Mzee Haskell anakuja kutoa ushahidi Alhamisi ijayo! Alikuwa hapa juzi, siku ile ulipokwenda kwa daktari wa meno. Nilimwonyesha. Machozi yalimtoka, nakuapia. Anasema anaukumbuka hata uso wa kanali. Tumewamaliza, Bi Wilda!"

"Hongera," alisema Wilda, akairudisha karatasi mezani bila kufurahi.

Kwa sababu maneno yale hayakusemwa. Haskell hakuyatamka na kanali hakuyasikia, na katika dunia nzima mtu aliyelijua hilo kwa hakika alikuwa yeye tu, wo, aliyeyapiga chapa.

Mambo yalikuwa hivi. Kule Vienna, baada ya kikao kikuu, wajumbe waligawanyika wawili wawili kunywa chai na kuongea kwa uhuru, na maongezi hayo ndiyo yaliyokuwa na nyama. Ijumaa mfuko wa barua za serikali uliondoka kwenda Washington saa tisa alasiri bila kumngoja mtu. Mazungumzo yakiisha saa nane na nusu, hakuna mpiga chapa, hata wa maneno tisini na sita, awezaye kumaliza kurasa tano zenye nakala sita za kaboni. Kwa hiyo walizoea kuandika kumbukumbu asubuhi, kabla ya mazungumzo yenyewe. Haskell alimpa Wilda orodha ya mambo aliyokusudia kuyasema, Wilda akayachapa kana kwamba yamekwisha semwa. Na kwa kuwa Zubarev hakuwa na desturi ya kujibu kitu zaidi ya kukoroga chai yake, kila aya iliishia vilevile: alisikiliza, hakupinga. Mchana Haskell alirudi, akasema hiki kilibadilika, kile kilijibiwa, na Wilda akarekebisha ukurasa mmoja au miwili. Lilikuwa jambo la kawaida, na lilikwenda sawa kwa miezi mingi.

Ijumaa ile Haskell alirudi amechelewa, mashavu mekundu, akasema, "Ya nne hatukuifikia." Wilda akauliza kama auchape upya ukurasa wa tatu. Dereva alikuwa chini akipiga honi. "Acha," alisema Haskell, "nitamwambia Jumanne, itakuwa kweli kabla mfuko haujafunguliwa." Jumanne wakuu wa jumbe zote mbili wakakutana wawili peke yao, mazungumzo ya pembeni yakafutwa, kukawa na mbio za wiki nzima. Ilikuwa kazi ya Wilda kumkumbusha, wala hakumkumbusha. Alilikumbuka jambo hilo mwezi Mei, mkataba ukiwa umekwisha sainiwa, watu wakipongezana, akaona haya kulitaja.

Alhamisi sandwichi yake ilirudi nyumbani ndani ya mfuko wake kama ilivyotoka. Ijumaa katika mazoezi ya kwaya aliingia kabla ya zamu yake mara mbili, akakodolewa macho na mpiga kinanda. Alijaribu kujituliza. Nani angejua? Zubarev alikuwa amekufa. Habari hiyo ilikuwamo katika faili. Na neno lenyewe, si lilikuwa la kweli kwa maana yake? Haskell alikusudia kulisema. Kama si hilo, angalau lilikuwa upande wa haki, na upande wa pili walikuwa wakisema mambo mabaya zaidi ya hilo kila siku, tena kwenye televisheni. Kila alipofika hapo alijiona amefikia jibu, kisha akamfikiria Haskell akiinua mkono wa kulia na kuapa. Wilda alimpenda mzee yule. Si kwa namna ile wambea wa ofisi walivyodhani. Alimpenda kwa kuwa katika miaka kumi ya kumfanyia kazi hakuwahi kumwambia achape uongo. Mara moja tu, na siku hiyo hawakujua kuwa ni uongo. Waliudhani ni ukweli uliochelewa.

Jumamosi alipiga moyo konde akaendesha gari hadi Annapolis, alikoishi Haskell. Chuo cha wanamaji cha mji huo kilikuwa na mechi ya mpira nyumbani, barabara imejaa watu wenye kofia na mablanketi, na Wilda aliingia mjini kwa mwendo wa konokono huku akitukana kwa lugha ya Kimethodisti. Hakuwa na karatasi yoyote. Kutoa ukurasa mmoja nje ya chumba kile ni jela, na hata kama si jela, Wilda hakuwa mtu wa kutoa ukurasa.

Lyman Haskell, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa uani akikusanya majani makavu kwa reki, amevaa sweta yenye viwiko vilivyotoboka.

"Wilda Ostrander! Umekuja kunisimamia? Hata majani siyapangi vizuri?"

"Huyapangi. Lile fungu limekaa upande."

"Nilijua. Ingia, nina kahawa mbaya na biskuti mbaya zaidi."

"Tukae hapa hapa, Bwana Haskell. Nataka kuzungumza na wewe kabla sijaogopa."

Mzee aliegemeza reki ukutani, wakaketi kwenye ngazi za nyuma. Wilda alimweleza. Alimweleza kwa mpangilio, tarehe kwanza, kisha saa, kisha maneno, kama mtu anayesoma kumbukumbu aliyoichapa mwenyewe. Haskell alisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Umekosea."

"Sikukosea."

"Nilikuwepo, Wilda! Wewe ulikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, kwenye mashine. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya yule mtu. Naukumbuka uso wake. Nilimwambia 'kilichopo sasa au kitakachobuniwa baadaye,' na akatazama chini, akakoroga chai yake, hakusema kitu. Nimekiona kikombe kile mbele ya macho yangu miaka kumi na mitatu!"

"Siku ile hakukuwa na chai."

"Ati nini?"

"Kanali alikuwa anatimiza miaka hamsini. Mlikuta meza imetandikwa, konyaki, samaki, pai. Mlikula. Hamkuongea nusu ya yale mliyokusudia. Ulirudi na pai moja umeifunga kwenye kitambaa cha mezani cha ubalozi wao, ukaniambia nile, kwa kuwa sikuwa nimepata chakula cha mchana. Nilikuwa nakula wakati unaniambia hamkuifikia ya nne. Nilifuta mafuta vidoleni ndipo nikafunga bahasha."

Kutoka uwanjani ilisikika ngoma ya bendi, kisha kelele za watu.

"Ya kabichi," alisema hatimaye.

"Ya kabichi na yai."

"Kile kitambaa tulihangaika namna ya kukirudisha." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Lakini namwona anakoroga, Wilda. Namwona."

"Alikoroga kila siku nyingine. Na karatasi umeisoma mara ngapi?"

"Sijui. Kila mara nilipotaka kujifurahisha." Kisha hasira ikamrudia, akasimama. "Na wewe ulikuwa wapi miaka yote hii? Nimelisema jambo hili katika hotuba! Hawakuniruhusu kutaja karatasi, lakini nililisema!"

"Sikujua kuwa unaliamini. Nilidhani karatasi imelala, na sisi wawili tunajua kuwa imelala vibaya. Na niliona haya, Bwana Haskell. Ilikuwa juu yangu kukukumbusha Jumanne ile. Sikukukumbusha, halafu nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kwa sababu Alhamisi watakusomea karatasi hiyo wakuulize."

"Unajua ukilitoa neno hilo tunabaki na nini?"

"Mnabaki na mkataba."

"Ambao wanautafuna kila siku." Alichukua reki, akaishika bila kuitumia. "Nenda nyumbani, Wilda."

Akaenda. Haskell hakumwambia atasema nini, naye Wilda hakuuliza. Jumapili aliimba vizuri kuliko kawaida, na hilo lilimuudhi.

Kikao cha Alhamisi kilikuwa cha faragha, katika chumba kisichoruhusu hata wafagizi, kwa sababu ya usiri wa karatasi. Ndiyo maana Wilda alikuwamo: yeye ndiye aliyebeba sanduku lenye kufuli, na sanduku lilipokwenda naye alikwenda. Alikaa kiti cha nyuma karibu na ukuta. Roz Feeney, aliyeketi nyuma ya mwenyekiti wa kamati, alimkonyeza. Haskell aliingia amevaa suti ya kijivu iliyomzidi kidogo, akaapa, akaketi, hakutazama nyuma.

Alisema kwa saa nzima na alisema vizuri. Alieleza walichoogopa mwaka 1972, kwa nini ngao ilikuwa hatari kuliko ilivyoonekana, kwa nini waliandika neno hili na si lile. Maseneta walisikiliza, hata yule mrefu mwenye nywele nyeupe aliyekuwa wa upande wa leza. Kisha mwenyekiti, ambaye alikuwa rafiki, akavaa miwani na kusoma aya ya nne yote, taratibu, kwa raha ya mtu anayekula kitu kitamu.

"Bwana Haskell," akamaliza, "ndivyo ulivyomwambia Kanali Zubarev?"

Wilda alishika mpini wa sanduku kwa mikono miwili.

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Haskell. "Nilikusudia kumwambia, lakini sikumwambia. Karatasi hiyo iliandikwa kabla ya mazungumzo. Mwandishi wangu aliniuliza kama airekebishe, nikamkataza kwa sababu ya haraka. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Naiomba kamati iitoe katika ushahidi."

Seneta mrefu aliinama mbele.

"Kwa hiyo, bwana, katika masanduku yale sabini, tuziamini karatasi zipi?"

"Swali zuri. Mimi nimekuja hapa na karatasi moja iliyonisaidia kuliko zote, nami ndiye ninayewaambia msiiamini. Zilizobaki mtaamua wenyewe. Ila mkataba niliusaidia kuuandika, na unasema angani marufuku. Hausemi marufuku mpaka mtu abuni kitu kingine."

Seneta mrefu alitabasamu, akaandika kitu, na kila mtu mle ndani alijua kuwa jambo aliloandika halikuwa hilo la mwisho. Mwenyekiti alivua miwani. Roz Feeney aligeuka polepole akamtazama Wilda, na Wilda hakuangalia pembeni.

Korido lilikuwa refu, la mawe, lenye mabenchi. Roz alimfikia karibu na ngazi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulisimama pale nikakukumbatia, na ulijua!"

"Ulinikumbatia kabla sijaisoma."

"Usinifanyie mzaha, Bi Wilda. Unajua wataandika nini? Wataandika kwamba hata shahidi wetu anasema karatasi zetu ni za kubuni. Ungenyamaza tu. Ungenyamaza ukastaafu!"

"Ningeweza, binti. Nilijaribu siku tatu."

Roz alitaka kusema jingine, akaacha, akaondoka kwa mwendo wake wa haraka, na Wilda aliona uchungu kwa kuwa alimpenda huyo pia.

Haskell alikuwa kwenye benchi la mwisho, koti limekunjwa magotini. Walinzi wa sanduku walisimama mbali kidogo wakingoja. Wilda akaketi, sanduku katikati ya miguu yake.

"Umeongea vizuri," alisema.

"Nimetuua."

"Hilo hatujui bado."

"Najua zaidi ya wewe." Alitazama viatu vyake. Mke wake, Edwina, alikuwa amefariki miaka minne kabla, kwa ugonjwa mrefu, na ofisi yote ilijua kuwa hapendi kumtaja. Sasa akamtaja. "Edwina alikipenda kisa kile, unajua? Yeye hakujali makombora hata kidogo, alijali kile kisa tu. Kila Sikukuu ya Shukrani alinilazimisha nisimulie mezani. Wiki ya mwisho, kule hospitali, alimwambia muuguzi, 'Huyu mume wangu ndiye aliyemwambia Mrusi angani hapaguswi, na Mrusi akafyata.' Muuguzi akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ndiyo."

Wilda alimgeukia.

"Amekufa akiamini hivyo," alisema Haskell. "Tangu Jumamosi najiuliza kama nilimdanganya."

Wilda alilifikiria swali hilo kwa makini, kwa kuwa aliulizwa kwa makini.

"Wewe ulimwambia kilichoandikwa, Bwana Haskell."

"Na aliyekiandika nani?"

"Mimi."

"Basi tumemdanganya sisi wawili," alisema mzee, na akanyoosha mkono, naye Wilda akauachia mpini wa sanduku akaupokea mkono huo.